Karatasi Isiyoandikwa Neno

Katika maneno yote tuyatumiayo sisi Wakristo kila siku, sidhani kama lipo litajwalo mara nyingi na kufikiriwa mara chache kama hili la mapenzi ya Mungu. Mtu akiagana na mwenziwe husema wataonana kesho Mungu akipenda. Akifiwa huambiwa avumilie kwa kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Akichumbia husema ameongozwa na Mungu, na akivunja uchumba husema vivyo hivyo. Neno moja hubeba mizigo ya kila namna, kama punda wa kijiji kizima asiyejulikana mwenyewe ni nani.

Mimi si mwanazuoni wa dini. Nilikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, na mambo nitakayoyaeleza hapa sikuyapata darasani wala kanisani, bali niliyapata kwa aibu. Aibu ni mwalimu mkali, lakini mafunzo yake hayasahauliki upesi. Nayaandika kwa sababu naona vijana wengi wasomi wakisumbuka kama nilivyosumbuka mimi, wakimwuliza Mungu maswali makubwa usiku na mchana, nao hawajui kwa nini hawajibiwi.

Nilizaliwa Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, katika nchi ya milima, migomba na mvua nyingi. Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walifika huko mwaka 1891, na wazazi wangu walikuwa Wamoravian kama jirani zetu wengi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, baba alitusomea neno la siku kutoka katika kijitabu kidogo. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, kijiji cha Saxony huko Ujerumani, mwaka 1728, na kijitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Mtoto hapendi kusikiliza mambo marefu asubuhi na mapema, lakini neno lile lilikuwa fupi, nalo lilituingia kama uji wa moto tumboni.

Tulipokuwa tukifundishwa kabla ya kupokelewa mezani pa Bwana, mwalimu wetu alitusimulia desturi nyingine ya wazee wale wa Herrnhut ambayo haikufika kwetu. Walikuwa wakipiga kura. Si kura ya kuchagua viongozi kama tuijuavyo leo, bali kura ya kumwuliza Mungu. Walipokuwa na jambo zito waliandaa vikaratasi vitatu. Kimoja kiliandikwa ndiyo, kimoja kiliandikwa hapana, na cha tatu hakikuandikwa neno. Waliomba, kisha mmoja alitwaa karatasi moja. Kwa njia hiyo waliamua nani atumwe ng'ambo na nani abaki, na hata nani aoane na nani. Mwaka 1818 waliwaondolea washirika wa kawaida sharti la kupigiwa kura katika ndoa, na mwaka 1889 sinodi yao kuu iliikomesha kura kabisa. Basi wamisionari walipofika Rungwe miaka miwili baadaye, hawakuja na vikaratasi vile. Lakini mimi nilivikumbuka, na siku ilifika nikavitengeneza.

Ilikuwa mwaka 1987. Nilikuwa na umri wa miaka 29, mwalimu wa shule ya msingi, mume na baba wa mtoto mmoja. Mwaka uliotangulia kaka yangu mkubwa alikuwa amefariki dunia, akaacha mjane na watoto watatu, na shamba la kahawa lililopakana na langu. Mwezi wa nne nilipata barua iliyonipa nafasi ya kwenda kusoma Dar es Salaam. Nilikuwa nimeitamani nafasi hiyo tangu ujana. Lakini niliposhika barua ile mkononi nilimwona mjane wa kaka yangu akipita njiani na mtoto mgongoni, na furaha yangu ikaingia doa. Je, niende au nibaki?

Nilifanya kama nilivyofundishwa: niliomba. Niliomba asubuhi na jioni. Nilifunga siku za Ijumaa. Majibu hayakuja. Ndipo nilipoanza kutafuta ishara. Nilifungua Biblia nikiwa nimefumba macho na kuweka kidole penye ukurasa, nikaangukia orodha ya majina ya wana wa Israeli. Nilisema moyoni kwamba mvua isiponyesha hadi Jumamosi nitakwenda. Aijuaye Rungwe katika mwezi wa nne atacheka, na ana haki ya kucheka, maana ishara ile ilikuwa imekwisha jibiwa kabla sijaitaja. Mwisho, usiku mmoja mke wangu alipokuwa amelala, nilikata vikaratasi vitatu, nikaviandika kama wazee wa Herrnhut, nikavitia katika kikapu kidogo, nikaomba kwa machozi, nikatwaa kimoja. Nilikifungua penye mwanga wa taa ya mafuta. Hakikuwa na neno.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu, aliyekuwa akiheshimiwa sana kwa kusema kidogo. Nilimkuta akipogoa mibuni yake. Nilimweleza yote tangu barua hata kikaratasi, nikamwomba anieleze maana ya karatasi tupu. Alinisikiliza bila kuacha kazi yake. Nilipomaliza aliuliza neno ambalo sikulitazamia kabisa.

"Mwalimu, malipo ya mwisho ya kahawa ya marehemu kaka yako yamekwisha toka?"

"Yametoka, baba."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Yapo kwa nani?"

Nilinyamaza. Mzee alikata tawi moja, akalitupa chini, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu," akasema, "Mungu hakukunyamazia kwa hasira. Amekunyamazia kwa adabu, ili ukumbuke mwenyewe. Dawa ya deni ni kulipa."

Sina budi kueleza. Chama cha ushirika kililipa fedha za kahawa ya kaka kupitia kwangu, kwa kuwa ndimi niliyetia sahihi mahali pake. Zilikuwa shilingi 6,400. Sikuziiba, au ndivyo nilivyojiambia. Nilizitia katika sanduku chini ya kitanda na kusema kwamba nitazishika mpaka nijue mapenzi ya Mungu. Ikiwa Mungu angenituma Dar es Salaam, ningehitaji nauli na nguo, nami ningezirudisha baadaye; ikiwa angenibakiza, ningemkabidhi shemeji fedha zake, na kumsaidia zaidi. Nilizipa jina la amana. Jina lao la kweli sikutaka kulitamka, na mke wangu, aliyekuwa akiomba pamoja nami kila jioni, sikumwambia kwamba zimetoka.

Wala hayo hayakuwa mabaya ya mwisho. Mtoto mkubwa wa kaka yangu alikuwa akisoma katika shule yangu mwenyewe. Tangu mwezi wa tatu alikuwa hafiki. Nilisikia kwamba anachuma chai katika mashamba ya watu ili mama yake apate fedha ya chumvi na mafuta ya taa. Kila asubuhi, baada ya kumwomba Mungu anionyeshe njia, nilifungua kitabu cha mahudhurio, nikaita jina la mtoto yule, nikaandika kwamba hayupo. Njia niliyokuwa nikiomba kuonyeshwa ilikuwa katika kitabu kile kwa mkono wangu mwenyewe, siku baada ya siku, na sikuiona.

Jioni ile nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa ameketi nje akimenya ndizi mbichi. Niliweka fedha mbele yake, nikaanza kueleza kwamba zilikuwa zimecheleweshwa kidogo. Hakuniacha nimalize uongo wangu.

"Nilijua zimetoka, shemeji," akasema. "Nilikuwa nangoja."

Hakusema neno jingine. Alizifunga fedha katika pindo la khanga, akaendelea kumenya. Juma lililofuata niliita jina la mtoto, na mtoto akaitika.

Tangu siku ile nimeyasoma upya maandiko ambayo nilikuwa nikidhani yananiunga mkono, nikaona kwamba nilikuwa nimeyasoma kwa haraka. Watu wengi humtaja Gideoni aliyeweka ngozi ya kondoo uwanjani ili apate ishara ya umande. Lakini Gideoni hakuweka ngozi ili ajue la kufanya. La kufanya alikwisha ambiwa, naye mwenyewe alilikiri katika ombi lake. Aliweka ngozi kwa sababu aliogopa. Mungu alimhurumia katika woga wake, lakini huruma hiyo haifanyi woga kuwa njia ya elimu. Mimi nami sikukosa mwanga. Nilikosa ushujaa wa kutazama mahali mwanga ulipoangukia.

Hata kura ya mitume kwa Mathiya ina jambo la kufikiriwa. Kabla ya kupiga kura waliweka sharti: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana hata siku ya kupaa kwa Bwana. Sharti hilo ndilo lililofanya kazi kubwa, likawapunguza watu wengi hata wakabaki wawili, ambao kila mmoja alifaa. Kura ilikuja mwisho, baada ya akili na kumbukumbu kutumika. Tena jambo hilo lilikuwa kabla ya Pentekoste, na baada yake hatusomi kwamba mitume walipiga kura tena. Mimi nilianza na kura ili nisifike kwenye sharti.

Tena yapo maombi ya Bwana mwenyewe katika bustani ya Gethsemane. Zamani nilidhani ni mfano wa mtu anayetafuta mapenzi ya Mungu. Sasa naona sivyo. Alikuwa anayajua. Aliomba kikombe kimwondokee, akaacha ombi lake mikononi mwa Baba. Maombi yale hayakuwa ya kujua, yalikuwa ya kukubali. Nadhani sehemu kubwa ya maombi yetu yastahili kuwa ya namna hiyo, ila sisi huyageuza kuwa ya kujua, kwa sababu mtu asemaye kwamba hajajua bado huonekana mnyenyekevu, na mtu asemaye kwamba anajua lakini hataki huonekana mwasi. Basi twajificha katika unyenyekevu wa uongo.

Nabii Mika alikwisha sema kwamba mwanadamu ameonyeshwa lililo jema: atende haki, apende rehema, aende kwa unyenyekevu na Mungu wake. Mambo matatu, na hakuna hata moja lililofichwa. Mtu akiyashika hayo hubakiwa na maswali machache kuliko alivyodhani. Yule anayeuliza kama Mungu anataka afungue duka la pili, ilhali hajamlipa kijana auzaye katika duka la kwanza, amekwisha jibiwa. Na yule anayeuliza kama Mungu anamwita awe mchungaji, ilhali hasemi na ndugu yake wa tumbo moja, naye amekwisha jibiwa, ingawa jibu halihusu uchungaji.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba kulipa deni kulinimalizia maswali yote. Barua ilikuwa bado mezani. Kwenda kusoma halikuwa kosa, wala kubaki halikuwa kosa. Hapa nilijifunza jambo la pili, nalo ni kwamba penye mema mawili Mungu humwachia mtoto wake achague, kama mzazi amwachiavyo mtoto aliyekua. Nilimwambia mke wangu mambo yote, pamoja na yale ya sanduku. Alilia, kisha tukazungumza. Nilimwuliza mama yangu. Nilimrudia mzee yule. Nilimwuliza shemeji mwenyewe, ambaye sikuwa nimemwuliza hata mara moja katika miezi yote ya maombi yangu, ingawa maombi yenyewe yalimhusu. Alisema, "Ukienda tutaishi, ukibaki tutaishi vizuri kidogo." Nilibaki. Sikusikia sauti, sikuona ndoto. Nafasi ile ilipita.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, baridi ilipokuwa kali, mtoto wa kati wa kaka yangu alishikwa na kichomi. Alikuwa na miaka sita. Nilimfunga mgongoni kwa blanketi, nikampeleka hospitali kwa baiskeli usiku katika ukungu. Alifariki kabla jua halijachomoza.

Msibani walikuja watu wenye kuyajua mapenzi ya Mungu. Mmoja aliniambia kwamba sasa nimejua kwa nini Mungu alinibakiza: ni ili niwepo usiku ule. Mwingine alimnong'oneza mwenziwe, nami nikasikia, kwamba ningalikwenda Dar es Salaam ningalipata elimu na fedha, na pengine mtoto angalipona. Wote wawili walikuwa wanapima mapenzi ya Mungu kwa mizani moja, mizani ya matokeo. Na mwingine alimwambia mama wa mtoto asilie, kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Shemeji aliinua uso, akamtazama, akaendelea kulia. Naona alijibu vema. Sijui ni nani aliyetupa ruhusa ya kumbebesha Mungu kila kifo, hata kifo kinacholetwa na umbali wa hospitali, ubovu wa barabara na uzembe wa watu. Tukisema hivyo tunamsingizia yeye, na tunajisamehe sisi.

Katika siku zile za matanga nilisoma habari za Paulo na wenzake katika sura ya 16 ya Matendo ya Mitume. Walitaka kuhubiri Asia, wakazuiliwa. Wakajaribu kwenda Bithinia, wakazuiliwa tena. Hawakuketi chini kungoja. Walitembea hata Troa. Huko Paulo aliona katika njozi ya usiku mtu wa Makedonia akiwaita, na asubuhi wenzake pamoja naye wakapima jambo lile na kuazimia. Walipofika Filipi hawakumkuta mtu wa namna ile akiwangoja. Walikuta wanawake wakiomba kando ya mto, na Lidia mwuza zambarau akaufungua moyo na nyumba yake. Baada ya hapo walipigwa kwa fimbo na kufungwa gerezani. Kama matokeo ndiyo mizani, mtu aliyeketi nao gerezani usiku ule angalisema kwamba walikosea njia. Lakini hawakuwa wamekosea. Njia iliyo sawa inaweza kupita katika gereza, na inaweza kupita kando ya kaburi dogo chini ya migomba.

Kwa hiyo sisemi kwamba nilibaki kwa mapenzi ya Mungu, kana kwamba nina cheti. Nasema kwamba nilibaki kwa moyo safi kuliko ule ambao ningalikwenda nao, na kwamba niliwaambia ukweli watu niliobaki nao. Mwaka 1991 nilipata nafasi nyingine, nikaenda kusoma, nikarudi. Mtoto mkubwa wa kaka yangu alimaliza shule, na leo ndiye mwenye shamba la kahawa la baba yake. Sitoi mambo haya kuwa ushahidi wa lolote. Laiti yangalikuwa kinyume, deni lingalikuwa bado ni deni, na kulilipa kungalikuwa bado ni haki.

Mtu ataniuliza: je, utulivu wa moyo si alama? Ni alama, lakini ni alama inayoweza kughushiwa. Mimi nilikuwa na utulivu mwingi wakati fedha za mjane zilikuwa chini ya kitanda changu. Nililala vizuri juu yake. Utulivu niliojifunza kuuamini kidogo ni ule unaokuja baada ya kusema jambo ambalo mtu alikuwa hataki kulisema, mbele ya mtu ambaye alikuwa hataki kumwambia. Na kwa hiyo naliona shauri la wenzetu kuwa ngao kubwa. Mtu akiwa na jambo asiloweza kuwaeleza wale anaoomba pamoja nao, basi asiulize mbali: jambo hilo ndilo analoulizwa na Mungu.

Wala asiyatumie mapenzi ya Mungu kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Kijana amwambiaye msichana kwamba Mungu amemwonyesha kuwa yeye ndiye mkewe, amemnyima msichana nafasi ya kukataa bila kumkataa Mungu. Kiongozi asemaye kwamba Mungu ndiye aliyeamua shauri lake, amefunga vinywa vya wazee wote. Mungu aliye na uwezo wote hakuutumia uwezo huo kwangu. Alininyamazia kwa karatasi tupu, akamtuma mzee mwenye kisu cha kupogolea.

Siku hizi vijana hunijia na barua zao, kama mimi nilivyokwenda na yangu. Wana nafasi za kazi katika miji ya mbali, wana wachumba, wana wito wa namna mbalimbali, nao huniuliza watayajuaje mapenzi ya Mungu. Siwacheki, na siwakatazi kuomba. Naomba pamoja nao. Lakini kabla ya kuomba huwauliza swali ambalo mzee yule aliniuliza mimi, kwa maneno ya kuwafaa wao. Wengine huondoka wamechukia. Wengine hunyamaza kama nilivyonyamaza, na hao najua kwamba watajibiwa. Nami mwenyewe, hata katika uzee huu, nisipojua niende wapi, hujiuliza kwanza nimeshika kitu cha nani.